UCHANGANUZI: Tarakilishi ya nyumbani imekuwa ghala la kumbukumbu, lakini nakala ya akiba iko wapi?

HATUA ya kampuni ya Microsoft ya kusitisha huduma za kawaida kwa mfumo wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025 ilichukuliwa na Wakenya wengi kuwa habari ya ofisi kubwa za Nairobi. Ukweli ni kwamba uamuzi huo uligusa moja kwa moja meza ndogo za sebuleni katika miji kama Wang'uru, Kaunti ya Kirinyaga, ambako tarakilishi moja iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo huhudumia familia nzima na pengine kikundi kizima cha wakulima.

Tarakilishi nyingi za aina hiyo haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa mfumo huo hudai kipande maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kichakataji cha kizazi cha nane au cha baadaye. Mwenye mashine ya zamani aliachiwa njia tatu: kununua nyingine, kuhamia mfumo wa bure kama Linux, au kuendelea na ile ya zamani huku akijua kwamba milango yake haitengenezwi tena. Kwa watumiaji wa nyumbani, Microsoft ilitoa muda wa ziada wa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026.

Njia mojawapo ya kupata muda huo bila malipo ilikuwa kuwasha programu iitwayo Windows Backup. Hapo ndipo penye utata. Mtu aliyebonyeza kitufe hicho anaweza kudhani kwamba kazi zake zote zimewekwa mahali salama. Sivyo. Kilichohitajika ni kuhifadhi mipangilio ya mashine, na hata akiongeza makabrasha yake, nafasi ya bure anayopewa katika OneDrive ni GB 5 pekee. Picha za harusi moja zinaweza kuimaliza.

Hivyo basi, swali ambalo kwa miaka mingi lilionekana kuwa la mafundi sasa limefika nyumbani: ni programu gani ya nakala za akiba inayomfaa mtu wa kawaida, naye aichague kwa kigezo gani?

DAFTARI LA KIKUNDI

Wang'uru, mji ambao wenyeji wengi pia huuita Ngurubani, uko takriban kilomita 100 kaskazini mashariki mwa Nairobi, kando ya barabara iendayo Embu. Ni kitovu cha mradi wa unyunyizaji maji wa Mwea, unaotoa sehemu kubwa ya mchele unaokuzwa nchini. Oktoba 20, 2021 taifa zima liliutazama mji huo pale sherehe za Mashujaa zilipofanyiwa katika uwanja wake. Siku nyingine zote, shughuli zake ni za mpunga: mashine za kukoboa, maghala, maduka ya mbolea na wachuuzi wa pishori.

Biashara ya mpunga haiendi bila kumbukumbu. Ni lazima ijulikane nani alipanda lini, alikopa mbolea kiasi gani, maji yalimfikia kwa zamu ipi, alileta magunia mangapi, na amelipwa ngapi. Zamani hayo yote yaliandikwa katika madaftari. Leo katibu wa kikundi huyaweka katika tarakilishi aliyonayo nyumbani, ambayo pia ina kazi za shule za watoto, picha za mazishi ya babu, nakala za vyeti, na hati za shamba zilizopigwa picha.

Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba kumbukumbu si jambo dogo. Mradi wa Mwea ulianzishwa miaka ya 1950 na serikali ya mkoloni, iliyotumia nguvu za wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari. Tangu 1966 ulikuwa mikononi mwa Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, na mkulima alikuwa mpangaji tu. Bodi ilinunua mpunga, ikakata gharama zake, kisha ikamkabidhi mkulima kilichobaki. Malalamiko kuhusu makato na bei ndiyo yaliyochochea uasi wa wakulima mwishoni mwa miaka ya 1990, walipoamua kupitisha mazao yao kwa chama chao cha ushirika.

Funzo lililobaki ni kwamba mwenye daftari ndiye mwenye neno. Mkulima asiye na kumbukumbu zake mwenyewe hana budi kukubali hesabu ya mwingine. Kikundi kilichojitahidi kuwa na hesabu yake, kisha kikaiweka yote katika diski moja isiyo na nakala, kimejirudisha pale pale kilipotoka siku diski hiyo itakapokufa.

Aidha, serikali yenyewe imezidi kumsukuma mwananchi kwenye tarakilishi. Marejesho ya kodi hujazwa katika mtandao wa iTax. Tangu Januari 1, 2024, gharama za biashara huhitaji kuambatana na ankara za mfumo wa eTIMS ili zitambuliwe na Mamlaka ya Ushuru (KRA), ila zile zilizosamehewa. Walimu hupakia alama za wanafunzi katika mtandao wa Baraza la Mitihani (KNEC). Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 nayo humtaka mlipakodi kuhifadhi stakabadhi zake kwa miaka mitano. Miaka mitano ni muda mrefu kuliko maisha ya kipakatalishi kingi kilichonunuliwa kikiwa kimetumika.

HATARI ZENYEWE

Anayetaka kuchagua programu anafaa kwanza kujua anajikinga dhidi ya nini. Hatari ni za aina nne, na kila moja hudai kinga tofauti.

Ya kwanza ni kufa kwa kifaa. Umeme unapokatika ghafla wakati diski inaandika, faili inaweza kuharibika. Taifa lilishuhudia giza la nchi nzima Agosti 25, 2023, kisha tena Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo, mbali na kukatika kwa kawaida ambako hakuandikwi magazetini. Katika mji wa mashine za kukoboa, mota kubwa zinapowashwa nguvu za umeme huweza kushuka na kupanda, na radi za msimu wa mvua huongeza balaa. Vumbi na joto humaliza feni. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka hazina hata ule mkwaruzo uliokuwa ukimwonya mwenyewe. Huweza kuzimika mara moja.

Ya pili ni wizi, moto au mafuriko. Hapa mashine na diski ya akiba iliyo juu ya meza ile ile huenda pamoja.

Ya tatu ni mkono wa mwenyewe. Mtoto hufuta kabrasha, au katibu huandika hesabu za msimu mpya juu ya zile za msimu uliopita na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kosa kama hili huweza kugunduliwa baada ya miezi mitatu.

Ya nne ni virusi vya kudai kikombozi, ambavyo hufunga faili zote kwa msimbo na kumtaka mwenyewe alipe ili afunguliwe. Shambulio la WannaCry lililoanza Mei 12, 2017 lilikumba zaidi ya tarakilishi 200,000 katika mataifa yapatayo 150 na kuvuruga hospitali za umma nchini Uingereza. Lilipenya kupitia kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kuitolea marekebisho miezi miwili mapema. Walioumia ni wale ambao hawakuyapokea, na hiyo ndiyo hali ya Windows 10 isiyohudumiwa tena. Virusi vya namna hii hufunga pia diski ya akiba ikikutwa imechomekwa.

Kwa hiyo, nakala inayofaa ni ile iliyo mbali na mashine, iliyochomolewa, na yenye kumbukumbu ya siku nyingi zilizopita. Programu yoyote isiyomwezesha mtu kupata mambo hayo matatu haitoshi, hata kama ina sura ya kupendeza.

AINA ZA PROGRAMU

Programu za nakala za akiba zilizo sokoni zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni zile zinazokuja na tarakilishi yenyewe. Katika Windows ipo File History, iliyoletwa na Windows 8 mwaka wa 2012 na ambayo ingali inapatikana ndani ya Windows 10 na 11 kwa anayeitafuta katika Control Panel. Mtumiaji huchomeka diski ya nje, huiwasha mara moja, na kila saa programu hunakili faili zilizobadilika katika makabrasha yake ya hati, picha na mezani. Matoleo ya zamani huhifadhiwa, kwa hivyo katibu aliyefuta hesabu za msimu uliopita anaweza kurudi nyuma. Upungufu wake ni kwamba hainakili mfumo mzima, wala haigusi kabrasha lililowekwa nje ya yale inayoyajua. Wenye tarakilishi za Apple wana Time Machine tangu 2007, ambayo hufanya kazi hiyo kwa ukamilifu zaidi.

Kundi la pili ni programu zinazopiga picha ya diski nzima, pamoja na mfumo na programu zake. Mfano ni Veeam Agent ya Windows, ambayo ina toleo la bure, na Clonezilla, ambayo ni ya bure kabisa ingawa sura yake inaweza kumtisha mgeni. Faida yake huonekana siku diski inapokufa: hununuliwa nyingine, na mashine yote hurejeshwa kama ilivyokuwa, bila kuanza kutafuta upya programu za uhasibu na nywila zake. Hasara yake ni kwamba picha hiyo huwa kubwa na huhitaji programu ile ile ili kufunguliwa.

Kundi la tatu ni zile zinazonakili faili kama zilivyo, au kuzifunga kwa msimbo na kuzipeleka kokote. FreeFileSync hulinganisha makabrasha mawili na kunakili tofauti tu. Nakala zake hufunguliwa na tarakilishi yoyote hata kama programu yenyewe haipo. Duplicati hufunga faili kwa nywila na inaweza kuzituma katika diski au hifadhi ya mtandaoni. Watumiaji wa Linux wana Deja Dup, iliyo rahisi vya kutosha kwa mtu asiye fundi.

Kundi la nne ni huduma za kulipia za mtandaoni kama Backblaze, ambazo hunakili kila kitu kimyakimya mradi intaneti ipo, nazo hutozwa kwa dola.

Jambo moja linafaa kutiliwa mkazo kwa kuwa huwapotosha wengi. Google Drive, OneDrive na Dropbox zikitumiwa kwa njia ya kawaida ni huduma za kulinganisha, hazikuundwa kuwa ghala la akiba. Faili ikifutwa nyumbani, hufutwa huko pia. Ikifungwa na virusi, toleo lililofungwa ndilo linalopanda. Huduma hizo huhifadhi vilivyofutwa kwa siku chache tu, kwa kawaida 30, na kosa lililogunduliwa mwezi wa tatu huwa limepita muda huo.

Kigezo kingine ambacho matangazo ya biashara hayakitaji ni uhai wa programu yenyewe. Norton Ghost, ambayo mafundi wa miaka ya 2000 waliiapia, ilisitishwa 2013. CrashPlan iliacha kuwahudumia watu wa nyumbani Oktoba 2018, ikiwa imewapa notisi ya zaidi ya mwaka mmoja. Toleo la bure la Macrium Reflect, lililopendekezwa kwa miaka mingi, liliachwa bila huduma tangu Januari 1, 2024. Katika kila tukio mtumiaji alilazimika kuhama. Ndiyo maana programu inayoacha faili katika sura yake ya kawaida, zinazoweza kufunguliwa bila msaada wa programu hiyo, ina thamani kubwa kuliko orodha ndefu ya mbwembwe.

INTANETI NA GHARAMA ZAKE

Ushauri mwingi unaosomwa na Wakenya kuhusu suala hili huandikwa na watu wanaoishi penye intaneti ya kasi isiyo na kipimo. Hesabu ya Wang'uru ni nyingine.

Chukua mfano wa familia yenye GB 200 za picha, video na hati. Ikiwa kasi yake ya kupandisha ni megabiti 5 kwa sekunde, itahitaji karibu saa 89, yaani siku nne kasoro usiku na mchana, bila umeme kukatika na bila mtu mwingine kutumia mtandao. Anayetegemea bando la simu hata hawezi kuanza. Na siku ya kurejesha, safari hiyo huanza upya kuelekea upande wa pili.

Isitoshe, mtandao wenyewe hukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na kuyumbisha intaneti katika mataifa kadhaa ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Julai 2023 mtandao wa serikali wa eCitizen ulizidiwa na shambulio lililodaiwa na kundi lijiitalo Anonymous Sudan, na wananchi wakakwama kwa siku kadhaa. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, kwa aliyehitaji hati yake siku hiyo, kutokuwepo kwake kulikuwa sawa na kupotea.

Haya hayamaanishi kwamba hifadhi ya mtandaoni haina maana. Kinyume chake, ndiyo njia rahisi zaidi ya kupata nakala iliyo mbali na nyumbani. Kinachotakiwa ni kuchagua cha kupandisha. Hesabu za kikundi, ankara, hati za shamba na vyeti vya familia kwa kawaida hazizidi GB 2. Hizo zinaweza kupandishwa kila wiki hata kwa bando dogo, ndani ya GB 15 ambazo Google hutoa bure. Video za harusi zinaweza kusubiri diski. Ikumbukwe pia kwamba GB 15 hizo huchangiwa na barua pepe na picha za simu, na kwamba tangu Desemba 2023 Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili. Akaunti ya marehemu aliyekuwa katibu inaweza kutoweka na kila kilichomo.

FUNZO LA WAKUBWA

Anayedhani kwamba uzembe huu ni wa watu wadogo na atazame Korea Kusini. Septemba 26, 2025 moto uliotokana na betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon na kusimamisha mamia ya mifumo ya serikali. Miongoni mwa vilivyoteketea ni hifadhi iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walitakiwa kuweka kazi zao. TB 858 za data zilipotea. Hazikuwa na nakala mahali pengine, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Taifa linalosifiwa duniani kwa teknolojia lilipoteza kazi ya miaka kwa kosa lile lile la katibu wa kikundi mwenye diski moja.

Kampuni ya GitLab nayo ilifuta data yake kwa bahati mbaya Januari 31, 2017. Ilipokimbilia nakala zake ilikuta kwamba zile za kila siku zilikuwa zikishindwa kuandikwa kwa muda bila mtu kujua, kwa kuwa hata barua pepe za kuonya zilikuwa hazifiki. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, na kazi ya saa hizo sita ikapotea.

Kisa cha tatu kina faraja kwa watu wa nyumbani. Mwaka wa 1998, wakati studio ya Pixar ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya kazi, na nakala za studio zikapatikana kuwa mbovu. Kilichoiokoa ni tarakilishi iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Nakala yake haikuwa na lolote la ajabu isipokuwa kwamba ilikuwa mahali pengine.

SHERIA INASEMAJE

Kuna upande wa sheria ambao vikundi vingi havijautafakari. Sheria ya Ulinzi wa Data, Nambari 24 ya 2019, haimgusi mtu anayeweka kumbukumbu kwa ajili ya mambo yake binafsi au ya jamaa yake tu. Hata hivyo, orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, simu na madeni si jambo la jamaa. Anayeishika ana wajibu wa kuilinda isivuje na pia isipotee.

Wajibu huo una ncha mbili. Kila nakala inayoongezwa ni mlango mwingine wa kuingilia mwizi. Diski ya akiba iliyoachwa wazi katika droo hufichua siri za watu mia moja. Kwa hivyo nakala ya kumbukumbu za kikundi inafaa kufungwa kwa nywila, jambo ambalo Duplicati, Veeam na nyinginezo huliwezesha. Lakini nywila ikipotea, nakala nayo imepotea. Hakuna fundi wa Nairobi wala wa ng'ambo atakayeifungua. Vivyo hivyo, tarakilishi nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski zenyewe, na ufunguo wa kurejesha hukaa katika akaunti ya Microsoft ambayo mwenyewe pengine hakumbuki aliifungua lini.

Suluhisho si la kiteknolojia. Ni kuandika nywila hiyo katika karatasi, kuitia ndani ya bahasha, na kuiweka kwa mweka hazina au katika sanduku la chama, asiyekuwa katibu akijua ilipo. Katibu huweza kuugua, kuhama au kukosana na wenzake. Kumbukumbu za wakulima hazifai kutegemea afya au hasira za mtu mmoja.

UAMUZI UNAOFAA

Kwa kupima haya yote, familia au kikundi cha kawaida cha Wang'uru hakihitaji programu ya gharama. Kinahitaji diski mbili za nje na utaratibu. Katika Windows, File History inatosha kwa faili za kila siku, nayo Veeam Agent ya bure inaweza kupiga picha ya mashine nzima mara moja kwa mwezi. Diski moja hukaa nyumbani na kuchomekwa wakati wa kunakili tu; ya pili hukaa kwa ndugu au mwanachama mwingine, tuseme Kimbimbi au Kutus, na hubadilishana zamu na ile ya kwanza kila wiki mbili. Hati chache zilizo muhimu zaidi hupandishwa mtandaoni zikiwa zimefungwa kwa nywila. Huo ndio utaratibu ambao wataalamu huuita wa tatu-mbili-moja: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali.

Flashi zisitegemewe kama akiba. Zinafaa kubebea faili kutoka saiba hadi nyumbani, lakini hupotea mifukoni na huharibika bila onyo.

La mwisho, na ambalo hupuuzwa zaidi, ni jaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Kila baada ya msimu wa mavuno, katibu na achague faili moja ya mwaka uliopita, airejeshe katika tarakilishi nyingine, na aifungue mbele ya wenzake. Zoezi hilo huchukua dakika kumi. Likishindikana, ni heri lishindikane siku hiyo kuliko siku ya kulipana.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032 uliahidi vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja katika kila wadi. Vijana wanaofunzwa humo huelekezwa zaidi katika kutafuta kazi za mtandaoni. Kazi iliyo mlangoni mwao ni hii ya kuwasaidia majirani kunakili na kujaribu kurejesha kumbukumbu zao, kwa ada ndogo. Vyama vya ushirika pia vinaweza kununua diski kwa pamoja na kutenga kabati moja lenye kufuli kwa ajili ya nakala za vikundi vyao. Ni ajabu kwamba dola inayomlazimu mwananchi kuweka kila kitu katika tarakilishi haijamfundisha jinsi ya kukihifadhi.

Wakulima wa Mwea hawahitaji kufundishwa maana ya akiba. Hakuna anayekula mbegu yote akitumaini kwamba msimu ujao atakopeshwa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakusema kwamba hujiweka yenyewe. Msimu wa mavuno utafika na magunia yatahesabiwa. Siku hiyo mwanachama atakapouliza anadai kiasi gani, jibu litatoka katika kumbukumbu iliyohifadhiwa au katika kumbukumbu ya kichwa cha mwenye sauti kubwa zaidi mkutanoni.